Jirani Aliyekula Mpaka Mifupa

Baridi ya Maskati haimtishi mtu aliyeiona baridi hasa. Balqees, mdogo wake Bi Khole, anaishi Uingereza, na kila mwaka ikifika Januari humtumia dada yake video anakwangua theluji mlangoni kwake, amejizongomeza mitandio mpaka puani, huku anauliza, "Na nyinyi huko Mabela mnatetemekea nini?" Bi Khole humjibu kwa picha ya geti lake lililozikwa nusu na mchanga, beleshi limeegemezwa kando. Kila mtu na chake.

Wala mchanga si mchezo. Theluji angalau huyeyuka, lakini mchanga usipoutoa mwenyewe hauna pa kwenda. Nyumba ya Bi Khole iko Mabela, pembezoni mwa Maskati, safu ya mwisho ya mtaa, na nyuma yake kuna viwanja vitupu vyenye vigingi vya wenyewe na malundo ya mchanga wa ujenzi yaliyosahauliwa. Shamali ikivuma usiku wa baridi, malundo yale hutembea. Asubuhi mchanga umejaa kwenye reli ya geti, nalo ni geti la kisasa la kuteleza, lenye mota. Ukilibonyeza hulia kama ng'ombe mgonjwa, kisha hunyamaza.

Basi Bi Khole, akishasali Alfajiri, huvaa sweta la marehemu mumewe juu ya dera, hujitanda kanga kichwani, hutoka. Mchanga mzito huutoa kwa beleshi. Uliobaki huufagia. Ndani ya reli hupiga magoti akauchokoa kwa kisu cha mezani kilichoisha makali, na magoti yenyewe yana umri wake. Mtu angemwona angesema huyu bibi ana wageni wengi. Hana. Gari linaloingia geti lile ni moja tu, la mwanawe Hisham, nalo huja Ijumaa.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati msichana, katika ile miaka watu wetu waliyorudi kwa mafungu na masanduku ya bati. Akasomesha Kiingereza katika shule za wasichana mpaka wasichana wake wakamletea binti zao. Alikuwa mkali. Hakuchapa sana, lakini aliweza kumtazama mtoto aliyeingia darasani bila salamu mpaka mtoto akarudi mlangoni mwenyewe akaanza upya. Aliolewa na Badr, mzaliwa wa Tabora, akaishi naye maisha marefu akimsahihisha Kiswahili chake cha bara, naye Badr akijibu kwamba huku Maskati wote wawili Waarabu wanawacheka sawasawa. Waliishi Ghubra, wamezungukwa na watu wa kwao, mlango haufungwi. Badr alipostaafu akajenga Mabela, kwa kuwa viwanja vilipatikana huko. Chini yeye na mkewe, juu Hisham na mke wake, Taghreed.

Hisham na Taghreed walikaa juu kweli. Watoto walipoanza shule, foleni ya magari ya asubuhi ikawashinda, wakahamia Qurum, karibu na kazi na shule. Hakuna aliyemkosea mtu. Halafu Badr akafariki, ghorofa ya juu ikafungwa, viti vikafunikwa mashuka. Nimejaribu kumkasirikia Hisham katika habari hii, nikashindwa katikati. Hupiga simu kila siku. Huuliza mama amekula, amekunywa dawa, haya, inshallah kesho. Simu za namna hiyo huisha kabla chai haijapoa.

Sasa, mwezi wa kumi na moja, Bi Khole alikuwa juu ya paa anaanika shuka, akasikia sauti ya mwanamke kutoka nyumba ya kona, ile mpya iliyokuwa haijapata watu. "We Wijdan! Shuka hapo, utavunjika mguu!" Kiswahili cha Unguja, kimenyooka. Nusura shuka limponyoke. Alipokwisha kuvaa baibui na kushuka ngazi kwa yale magoti yake, gari lao lilikwisha ondoka. Lakini jioni ile taa ya mlangoni ya nyumba ya kona iliwaka, na ikawaka kila jioni baada ya hapo. Akajua wamehamia.

Mtu mwingine angengoja aletewe salamu. Bi Khole alijua wajibu wake: mgeni wa mtaa hupikiwa, na ukipika mchuzi zidisha maji umkumbuke jirani. Akapika wali wa nazi na mchuzi wa kuku, akapakua kwenye sahani ya bakuli nzuri, juu akafunika kawa lake la ukili alilopewa na mama yake, akaenda. Akabonyeza kengele. Akapiga hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuitikiwa, na baada ya hodi ya tatu muungwana huondoka, ndivyo tulivyofunzwa. Akaiacha sahani kwenye kizingiti cha mlango mdogo, ule wa upande wake. Geti lao kubwa lilikuwa barabara ya pili, nyuma ya kona, akadhani huko ndiko wanakopitia.

Asubuhi akaikuta sahani pale pale. Tupu.

Hapa inabidi nieleze kwa wasiokua nasi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna kitu unatia sukari kidogo, ndimu mbili, tende za kuziba tundu la jino. Hutii kwa sababu mwenzio ana njaa. Unatia kumwambia nimekuona. Sahani ikirudi tupu ni maneno, tena maneno mabaya, na mtu mwenye malezi huyasoma toka mbali. Hii yake hata kuoshwa haikuoshwa, na kawa la mama yake lilikuwa limetupwa mchangani huko ukutani.

Akawasamehe. Watu wamehama, vyombo viko kwenye makasha, hata chumvi hawajui iko wapi. Baada ya siku chache akapeleka boko boko ya ngano na nyama, ameipiga mwenyewe kwa mwiko mpaka bega likamuuma. Hodi tatu, kimya, taa inawaka. Asubuhi sahani tupu, imerambwa inang'aa. Ya tatu akapeleka kwa hasira. Biriani ya mbuzi, zafarani ya kweli, vitunguu vya kukaanga juu, ili waijue haya ilivyo. Sahani ikarudi vile vile, tena safari hii hata mifupa haikuwamo.

"Wamekula mpaka mifupa!" akamwambia Balqees kwenye simu.

"Wana njaa hao, dada."

"Hawana adabu. Njaa ina dawa."

"Basi si uache kuwapelekea?"

Hakuacha. Alikuna nazi huku akigombana nao peke yake jikoni, akimpangia yule mama Wijdan atakavyomwambia siku wakikutana, na mwenzake atakavyojibu, na yeye atakavyomnyamazisha. Tangu Badr afariki hakuwa na mtu wa kugombana naye, na ugomvi ule ulimchangamsha. Jirani anayekukosea adabu ni jirani pia, maana yupo.

Mambo yakageuka ile siku simu ilipobaki chini ya mto wa kitandani naye yuko jikoni. Hisham akapiga, akapiga, yumo kikaoni hawezi kutoka. Mwisho akampigia mwenye duka la baqala la mtaani, naye mwenye duka akaja kugonga geti, akamkuta Bi Khole mzima, mikono imejaa unga, ameudhika. Jioni Hisham akasema yaliyokuwa moyoni mwake.

"Mama, nyuma ya nyumba yetu ya Qurum kuna vyumba viwili, vina choo chake, vina kila kitu. Mabela tunaipangisha. Mie siwezi kukaa roho juu namna hii."

"Nije nikae uani kwenu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie jembe nnalo hapa hapa kwangu."

"Hapo huna mtu. Mwenye duka si wa kumfungisha duka lake kila siku."

"Nna jirani," akasema Bi Khole. "Mzanzibari mwenzangu. Ana mtoto anaitwa Wijdan. Kila siku nnawapelekea chakula."

Kila siku ilikuwa chumvi kidogo. Lakini Hisham alifurahi, alifurahi kweli, na furaha yake ile ndiyo iliyombana mama. "Wallahi mama, umeniondolea mzigo. Basi Ijumaa nikija nitakwenda kumsalimu, nichukue nambari yake. Siku hupokei simu, nampigia yeye anakuchungulia. Lakini kama hakuna mtu wa kumpigia, khalas, unahamia Qurum."

Basi Bi Khole akawa anamhitaji yule asiye na adabu. Alhamisi akamaliza ugomvi upande wake. Akapika kuku wa kupaka, akakata na mkate wa kumimina vipande vinono, akapeleka baada ya Magharibi, akaiacha pale pale kizingitini. Akaazimia asubuhi agonge mpaka afunguliwe, hodi tatu au thelathini, Mungu amsamehe.

Usiku kucha shamali ilivuma, ikatulia karibu na Alfajiri. Alipotoka, uwanja wote mbele ya geti ulikuwa mchanga laini, haujakanyagwa na mtu. Baridi ilimuingia kwenye mikono ya sweta. Akashika beleshi akaanza, kwa kuwa gari la Hisham lingekuja na geti lazima lifunguke, jirani au si jirani.

Asubuhi kama zile hakosi wenzake, na hakuwa mtu wa kuwapita bila salamu. Kunguru wawili walikuwa juu ya tangi la maji, wale wale wa kwetu wa Unguja, shingo za kijivu, wezi. Labda nao walirudi na watu. Tetere walikuwa chini ya ukuta wanadonoa alivyovijua wenyewe. Alipokwisha kufukua kidogo, akashuka hudihudi, akafungua upanga wake wa kichwani, akaufunga, akaanza kuchokoa pale pale mchanga ulipopinduliwa, hatua chache kutoka beleshi. Bi Khole akasimama asimtishe. "Karibu, mjumbe wa Nabii Suleiman," akamwambia polepole. "Umeniletea khabari gani?"

Hudihudi akaruka akaenda zake, na pale alipotua, Bi Khole akaona nyayo.

Hazikuwa za hudihudi. Zilikuwa nyayo ndogo za vidole vinne, zimefuatana mstari mmoja kama mshono wa cherehani, zimetoka upande wa viwanja vitupu zikapita mbele ya geti lake, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya kona. Hapo mchanga ulikuwa umevurugwa. Sahani ilikuwa tupu. Kawa lilikuwa kando, na ukingoni lina alama za meno. Kisha nyayo zikaendelea, zikafuata ukuta, zikazunguka kona.

Akazifuata, beleshi mkononi. Hakuwahi kuzunguka kona ile tangu mwezi wa kumi na moja. Geti kubwa la jirani lilikuwa limezikwa na mchanga mpaka magotini, mchanga wa siku nyingi, umekazana, juu yake mpya. Hapakuwa na alama ya tairi wala kiatu. Karatasi za matangazo ya duka zilikuwa zimechomekwa kwenye chuma cha geti, rangi imeruka kwa jua. Na aliposimama pale, mwanga ulipoanza kushika ukuta, taa ya mlangoni ikazimika yenyewe. Ilikuwa taa ya kujiwasha giza likiingia.

Chini ya geti mchanga ukatikisika, akatoka mbweha. Mwembamba wa miguu, masikio makubwa, rangi ya mchanga wenyewe, lakini tumbo limejaa. Alikuwa amenona, na Bi Khole alijua amenona kwa biriani ya nani. Wakatazamana. Mbweha hakukimbia, alimtazama kama anayemjua, akasubiri kidogo aone kama mikononi kuna kitu.

"Kumbe ni weye," akasema Bi Khole.

Akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, mpaka mbweha akaona bora aondoke. Kisha akageuka kumwambia mtu, na hakuna mtu. Hapo ndipo lilipompata. Nyumba haina mtu, na haijapata kuwa na mtu; yule mwanamke alishusha vitu siku moja akaenda zake anakoishi. Majira yote haya ya baridi aliyokuwa akigombana na kusamehe na kupika, alikuwa peke yake mtaani. Akakaa kwenye kile kizingiti, sahani mapajani, akalia. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu alijisikia mpweke kuliko siku Badr alipotolewa nyumbani, maana siku ile angalau nyumba ilikuwa imejaa watu.

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye reli yake. Njiani alifikiri kudanganya. Ilikuwa rahisi: wamesafiri, wamekwenda Sohar, watarudi. Hisham angesubiri Ijumaa nyingine. Lakini mtu aliyewafukuza watoto darasani kwa uwongo mdogo kuliko huo hawezi kuuanza akiwa na mvi, na labda alikuwa amechoka tu. Akapiga magoti akachokoa mchanga mpaka chuma kikaonekana.

Hisham alifika kabla ya swala, amevaa dishdasha nyeupe na kofia mpya, ananukia udi. Geti likafunguka bila kulia. Akambusu mama yake kichwani.

"Yallah mama, twende kwa jirani kabla sijakwenda msikitini."

"Hakuna jirani."

"Wametoka?"

"Hawajapata kuingia. Aliyekuwa anakula ni mbweha."

Akamsimulia, hakuficha, na sahani na kawa na mifupa. Alipofika kwenye mifupa Hisham akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akamtazama mama yake usoni, kicheko kikamkatikia. Akamshika mkono uliokuwa bado na mchanga.

"Samahani, mama. Basi, khalas. Twende Qurum."

"Qurum saa nne asubuhi kuna nani?"

Hisham akafikiri. Ni mkweli, amelelewa. "Mie kazini. Taghreed kazini. Watoto shule."

"Wakirudi?"

"Wakirudi wamechoka, wanaingia vyumbani mwao. Lakini msichana wa kazi yupo."

"Nizungumze naye nini? Kiswahili hakijui, na Kiingereza chake kimeishia jikoni. Tutaonyeshana vijiko?" Akamwondolea mchanga kwenye mkono wa dishdasha. "Hapa mpweke, huko mpweke, Hisham. Hapa angalau jiko langu."

"Basi niambie mama," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeomba. "Siku nnakupigia, hupokei. Nnakupigia tena, hupokei. Nimpigie nani?"

"Njoo mwenyewe."

"Mama, ni mwendo. Na kazi..."

"Najua ni mwendo. Njoo mwenyewe."

Hisham akafunga mlango wa gari. Adhana ikalia, akaenda msikitini, akarudi, akala, akasifu chakula, na ni kweli alikula vizuri. Baada ya Alasiri akasema watazungumza wiki ijayo, inshallah, akambusu tena kichwani, akatoka. Bi Khole akalibonyeza geti likajifunga.

Jumamosi simu ililia, akapokea. Amekula? Amekula. Dawa? Amekunywa. Haya, inshallah kesho.

Jumapili asubuhi ikalia tena. Bi Khole alikuwa mezani, kikombe mbele yake, jina la mwanawe linawaka. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Ikalia mpaka ikakata. Ikaanza tena. Ni vibaya kumtia mtu wasiwasi, mtu mzima na akili zake, na mimi sitamtetea. Aliitazama ikilia mara ya tatu, akaogopa kwamba atapigiwa mwenye duka, akaogopa zaidi kwamba hatapigiwa mtu yeyote, hatakuja mtu yeyote, na yeye atakaa pale na jibu lake.

Kisha akasimama, akavaa sweta, akachukua beleshi. Usiku ule upepo ulikuwa umerudisha mchanga kwenye reli, na gari lisingeingia. Akaanza kufukua, tena kwa haraka, maana kutoka Qurum mtu akitaka kufika hachelewi.